Printa ya Sagal

Siku ambayo Mukai aliisingizia printa ya jirani yake mbele za watu, kaka yake Nzomo alikuwa bado hajazikwa.

Mwili ulikuwa mochari. Kesho yake alfajiri ungetolewa na kusafirishwa hadi Mutomo, kwenye shamba la baba yao, na kamati ya mazishi ilikuwa imeshagawana kazi: huyu basi, yule jeneza, kina mama wa chama chakula na karatasi. Kilichobaki ni kijitabu cha wasifu, kile chenye picha ya marehemu kwenye jalada na majina ya jamaa ndani, ambacho mtu hupewa mkononi akifika msibani, na ambacho wengi hukifungua upesi kutafuta kama wao wenyewe wametajwa. Mjomba Muthama, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amependekeza kazi hiyo ipelekwe kwa wachapishaji mjini. Mukai alikataa.

"Kitachapishwa kwa saiba ya Nzomo," alisema kwenye mkutano. "Zile mashine alizifunga yeye. Nitakichapisha mimi, na tukikutana kwa maombi ya mwisho kila mtu atakuwa na chake."

Muthama hakubishana. Mfiwa huachiwa mengi.

Saiba yenyewe, duka la kompyuta na uchapishaji, ilikuwa chumba kimoja chini ya jumba la gorofa mtaa wa Tena, chenye kompyuta kuukuu ambazo Nzomo alizinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inafungwa. Alizitia mfumo wa Linux, kwa sababu alichoshwa na virusi vilivyokuwa vikiletwa na flashi za wateja. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa ghala huko Viwandani, hivyo aliyekaa kaunta kutwa nzima ni Mukai. Wateja walimwita Madam wa Linux, na jina hilo alilivaa kama nguo iliyomkaa vizuri. Mashine ikigoma, aliwaambia wasubiri, akaingia nyuma ya pazia mahali pa jiko la mafuta na ndoo za maji, akampigia Nzomo simu. Nzomo alimwelekeza neno kwa neno, huku akitafuna mahindi ya kuchoma. Mukai akitoka nyuma ya pazia, alikuwa fundi.

Wiki ile Nzomo alipougua kifua na kulazwa, printa yake nayo ilianza kukwaruza, ikararua karatasi, kisha ikanyamaza kabisa. Shangazi Wanza alisema imemfuata mwenyewe.

Aliyewaokoa ni Sagal, mwenye duka la mapazia na mashuka mlango wa pili. Alifika asubuhi ya siku ile na printa yake mikononi, ameifunika kwa kitambaa cha pazia kama mtu aliyebeba mtoto.

"Dada Mukai, tumia hii."

"Na wewe je? Wateja wako wa jumla si wanataka stakabadhi?"

"Nitaandika kwa mkono. Nina mkono, bado sijaukodisha." Akaiweka juu ya meza. "Nzomo alinitengenezea laptopu mara ngapi, na kila mara anasema hii ni kazi ya chai tu. Chapisheni mpaka mtosheke."

Mukai aliunganisha waya. Alifungua ule ukurasa wa mipangilio ya printa, ambao alikuwa ameuona mara nyingi akiwa na sauti ya Nzomo sikioni. Printa ya zamani ilikuwa pale, kwa jina alilopewa na Nzomo: Mzee. Palihitajika tu kuonyesha kwamba sasa waya umeingia kwenye mashine nyingine. Aliuchagua waya mpya. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kubadilisha draiva, ile programu ndogo inayosimama kati ya kompyuta na printa na kuipa kila kazi katika lugha ambayo printa inaielewa. Chini ya swali kulikuwa na jibu jingine: acha ile iliyokuwapo.

Mkono wake ulisita. Ile iliyokuwapo aliiweka Nzomo. Tangu msiba uanze, Mukai alikuwa hajakigusa kikombe chake pale kwenye kichanja, wala hajaisogeza kalamu aliyoiacha juu ya kaunta. Aliona vibaya kufuta alichokipanga marehemu kabla hata hajaingia kaburini. Akachagua iliyokuwapo, akafunga ukurasa.

Mchana kamati ikaja. Muthama alikaa kwenye kiti cha kaunta. Shangazi Wanza na kina mama wawili wa chama walikaa kwenye benchi ya wateja, na rimu za karatasi walizonunua zikiwa miguuni mwao. Gachanja, kinyozi wa mkabala, aliingia kutoa pole na akabaki amesimama mlangoni, maana hakuwa na kichwa cha kunyoa saa ile.

"Nisomee tena pale pa jamaa," Muthama alisema.

"'Mpwa wake Muthama,'" Mukai akasoma kutoka kwenye skrini.

"Mpwa wa mzee Muthama. Watu wa kule wananijua kwa mzee."

"Uzee wenyewe umeanza lini?" Shangazi Wanza akauliza. "Mwezi jana si ulikuwa unapaka nywele rangi?"

Walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoinama mapema. Mukai akaongeza neno mzee, akarudi juu kuitazama picha ya Nzomo kwenye jalada, shati jeupe, macho yamekunjwa na jua. Nzomo alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku moja: kazi yoyote, kubwa au ndogo, alitoa nakala moja kwanza, akaishika mkononi, akaisoma, ndipo akachapisha zilizobaki. Mukai aliijua desturi hiyo. Lakini Muthama alikuwa anatazama, na kina mama walikuwa wanatazama, naye alitaka waone kazi ikitiririka bila kusita, ili wajue kwamba hawakukosea kumwachia. Aliagiza nakala zote kwa mpigo mmoja.

Printa ya Sagal ikanguruma, ikavuta karatasi, ikatoa. Ikavuta nyingine, ikatoa. Shangazi Wanza aliinuka akaichukua ya kwanza kwa mikono miwili.

Hapakuwa na picha. Juu kabisa kulikuwa na alama ya asilimia na alama ya mshangao, kisha herufi PS, kisha mistari juu ya mistari ya maneno yasiyosomeka, tarakimu, mabano, mikwaju. Karatasi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu nayo.

"Mukai," shangazi alisema polepole, "huyu ni nani?"

Gachanja alichungulia juu ya bega lake. "Madam, hii sasa ni wasifu ama ni fomu ya kodi?"

Mukai alibonyeza kusimamisha kazi. Printa haikusimama. Aliizima, akaiwasha. Ilikaa kimya kidogo kama mtu anayekumbuka, ikaanza tena upya, kutoka mstari wa kwanza. Aliizima tena, akang'oa waya, akaurudisha. Ikaanza upya. Karatasi za kina mama zilikuwa zinamwagika sakafuni, nao wakiziokota na kuzipanga vizuri magotini, kwa sababu hawakujua la kufanya nazo.

Kisha Shangazi Wanza akaona jina. Karibu na juu ya kila ukurasa ambao printa iliuanza upya, kati ya takataka zile, kompyuta ilikuwa imeandika kazi ni ya nani, na kwa kuwa mashine ilikuwa bado inafunguliwa kwa jina la mwenyewe, ilikuwa imeandika nzomo.

"Jina lake liko hapa," shangazi alisema. "Limeandikwa ndani ya huu uchafu."

Mukai aliizima printa kabisa, akasema, "Ngojeni kidogo," akaingia nyuma ya pazia.

Hakuwaza. Mguu ulijua njia na kidole kilijua namba. Aliinama juu ya ndoo, simu sikioni, na ilipoita alishusha pumzi, kwa sababu ikishaita shida huwa imekwisha nusu. Ndipo aliposikia mwito ule ule upande wa pili wa pazia.

Simu ya Nzomo ilikuwa ndani ya droo ya kaunta. Ilikuwa kwenye chaji tangu afariki, maana namba yake ndiyo iliyotangazwa ya mchango, na watu walikuwa bado wanaipiga kutoa pole. Alisikia droo ikifunguliwa. Alisikia Muthama akikohoa.

"Nani anapiga?" shangazi aliuliza.

Muthama aliitazama skrini. "Ni Mukai."

Simu ikaendelea kuita kwenye mkono wa mjomba wake, na Mukai, kwa kuduwaa, akaendelea kuiacha iite. Alipoikata, chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia mashine ya Gachanja ya kunyolea ikiunguruma peke yake mkabala, alikuwa amesahau kuizima. Sasa walikuwa wanajua alikuwa akifanya nini miaka yote nyuma ya pazia lile. Na walikuwa wamemwona akimpigia simu mtu aliyelala mochari.

Alitoka. Uso ulikuwa unawaka hadi masikioni. Wote walimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo hakuiweza. Alitafuta kitu cha kuweka kati yake na macho yao, na kilichokuwa karibu ni printa.

"Ni hii printa," alisema. "Printa ni mbovu. Sagal ametupa printa mbovu."

Aliliona neno likishika kama moto kwenye nyasi kavu.

"Mimi nilijiuliza," Muthama alisema, akifurahi kupata mahali pa kutazama. "Mfanyabiashara akupe mashine nzima, bure, bila kuuliza itarudi lini? Kitu kizuri hakitolewi hivyo. Imeshamshinda, akasema wacha iende kwa wafiwa."

"Na karatasi zetu zimeliwa," mama mmoja wa chama alisema.

"Hata yale mashuka yake mimi nayaangaliaga mara mbili," akasema Gachanja, ambaye hakuwahi kununua hata foronya pale.

Hakuna aliyemwona Sagal kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa na chupa kubwa ya chai mkono mmoja na vikombe kwenye mfuko mkono wa pili. Duka lake na saiba viligawana ukuta wa mbao, hakuhitaji kuwa mlangoni ili asikie. Aliweka chupa juu ya kaunta, akatoa vikombe kimoja kimoja, akavipanga.

"Ina tangawizi," alisema. "Sukari nimeweka kidogo, kwa sababu ya shangazi."

Akatoka. Hakumtazama Mukai, na hakuharakisha.

Muthama alichukua flashi yenye wasifu, akasema atatafuta saiba nyingine mtaa wa Umoja kabla watu hawajafika kwa maombi. Kina mama walimfuata. Gachanja alirudi kwenye mashine yake. Alibaki Shangazi Wanza, ambaye magoti yake hayakutaka kwenda popote, na chai ambayo hakuna aliyeimimina.

Mukai alikaa mbele ya printa. Hata alipokuwa akisema neno lile, sehemu moja ya moyo wake haikuliamini. Sasa alitaka kujua, na aliogopa kujua. Alikumbuka kitu ambacho Nzomo alipenda kumwambia: kabla hujamlaumu mtu, muulize yeye mwenyewe. Kila printa ina kitufe ambacho ukikishika kwa muda, bila kompyuta, inachapisha habari zake. Alichomoa waya, akaiwasha printa, akakishika.

Karatasi ilitoka safi. Herufi nyeusi zilizonyooka, mistari isiyo na doa, pembe nne zimekaa sawa. Hata alama ndogo kabisa chini ya ukurasa zilisomeka. Mashine ile haikuwa na ugonjwa wowote.

"Hiyo mbona imetoka vizuri?" Shangazi Wanza aliuliza.

Mukai aliisogeza karatasi karibu na macho. Alikuwa ameshafika pale palipoandikwa lugha za printa ile. Ilikuwa inajua PCL. Palipopaswa kuwa na PostScript hapakuwa na kitu. Akaokota moja ya karatasi zilizoharibika, akaitazama ile PS ya PostScript pale juu, na sauti ya Nzomo ikamjia, na mahindi ndani yake. Ukiona printa inakuandikia maneno ya kompyuta badala ya picha, ujue imepewa lugha isiyoijua. Inafanya kama mimi kanisani wakiimba Kilatini. Natamka kila neno, sielewi hata moja.

Mzee, printa iliyokufa, alikuwa anajua PostScript. Draiva ya Mzee ilikuwa bado inazungumza PostScript. Mukai aliiacha pale kwa heshima, kisha akaitumia printa ya watu ambayo ilikuwa haina kosa ila kusoma kwa uaminifu kila ilichopewa.

"Shangazi," alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Printa ya Sagal ni nzima. Nimeikosesha mimi."

Shangazi Wanza alijimiminia chai. Alikunywa kwanza. "Basi irekebishe," alisema, "halafu ujirekebishe na wewe."

Mukai alifuta kwanza kazi yote iliyokuwa imepanga foleni kwenye kompyuta, ili isije ikaanza tena, kisha akaurudisha waya. Alifungua mipangilio. Swali lile lile likaja, akaona aibu kulisoma mara ya pili. Safari hii alichagua draiva mpya, ya PCL, ya aina ile ya printa. Mashine ikataka neno la siri la Nzomo. Aliliandika taratibu, na lilipokubaliwa, jina la Mzee likabaki pale pale juu, lakini kila kitu chini yake kilikuwa kimebadilika. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi huo ulimuuma. Hakumhitaji mtu yeyote kwenye simu. Alihitaji tu kukubali kwamba hakujua, na kuuliza.

Akaagiza nakala moja.

Ilitoka na Nzomo, shati jeupe, macho yamekunjwa na jua. Shangazi Wanza aliweka kikombe chini. Mukai alisimama, akaishika karatasi ile kwa mikono miwili, ikiwa bado na joto, akaisoma kuanzia jina hadi shukrani za mwisho kama Nzomo angeisoma. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, bila sauti, na shangazi akamwacha.

Karatasi zilizobaki hazikutosha. Wakapanga kwamba kila familia ipate kimoja. Kazi ilikuwa katikati wakati Muthama aliporudi, jasho shingoni. Huko Umoja umeme ulikuwa umepotea. Alisimama mlangoni akitazama vijitabu vikitoka, akachukua kimoja, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa jamaa, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kina mama waliingia nyuma yake.

"Kumbe ulikuwa unaijua dawa yake," Muthama alisema. "Huyu ni mtoto wetu. Amepewa printa mbovu, ameifufua. Nzomo hakufanya kazi bure."

Kina mama walimsifu. Mmoja alimshika bega. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, mpana, na hakuna ambaye angemlazimisha asipite. Simu ya nyuma ya pazia ingesahauliwa. Wangeihesabu kuwa uchungu wa msiba. Mukai alitazama vijitabu vinavyoongezeka kwenye trei, akangoja hadi cha mwisho kikatoka, na wakati wote huo alikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kinasema ndiyo kwa kila sifa. Shangazi Wanza alikuwa akimwangalia juu ya kikombe.

"Haikuwa mbovu," Mukai alisema mwishowe.

"Nini?" Muthama aliuliza.

"Printa. Haikuwa na kasoro yoyote. Nilikosea kuifunga kwenye kompyuta, karatasi zikaharibika, nikaona aibu, nikamsingizia Sagal. Na mjomba, wewe umesema maneno kwa sababu ya maneno yangu."

Muthama alikunja kijitabu, akakikunjua. "Sasa hayo mambo ya leo..."

"Ni ya leo. Nimeyafanya leo."

Mama wa chama aliondoa mkono begani mwake, si kwa ukali, ila kama mtu aliyekumbuka kuwa ana kitu kingine cha kushika. Wakaanza kukunja vijitabu.

Mukai alichomoa waya, akauzungushia mkononi. Akaifunika printa kwa kile kitambaa cha pazia, akaibeba. Kutoka mlango wake hadi wa Sagal palikuwa pafupi, lakini jua lilikuwa bado halijazama na kila mtu alikuwa nje.

"Madam," Gachanja aliita, wembe hewani, mteja amefunikwa shuka kitini. "Hiyo mbovu umeamua kuirudisha?"

"Si mbovu, Gachanja. Nilisema uongo. Ukimweleza mtu habari za mchana, mweleze na hii."

Gachanja aliteremsha wembe. Mteja wake alimgeukia, akataka kujua habari gani za mchana.

Sagal alikuwa nyuma ya kaunta, anaandika stakabadhi kwa mkono, herufi kubwa kubwa za mtu asiyezoea. Mteja wa jumla alikuwa anangoja na marobota yake. Mukai aliweka printa juu ya kaunta na kijitabu kimoja juu yake.

"Sagal," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Printa yako haikuwa na neno. Nimewaambia wote."

"Nimesikia," Sagal alisema. "Ukuta ni mbao." Alimaliza mstari aliokuwa akiandika. "Na la kwanza nililisikia pia."

Mukai alisimama pale, mikono imekosa kazi. Sagal alikichukua kijitabu, akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema maneno ya dua polepole kwa lugha ya kwao. Kisha akakiweka kwenye kichanja cha nyuma, mahali pa vitu visivyouzwa, akaunganisha printa na laptopu yake, ile ambayo Nzomo aliitengeneza. Akabonyeza. Karatasi ikatoka, akampa mteja stakabadhi yake, na mteja akaondoka na marobota.

"Inafanya," Sagal alisema, bila kuinua macho.

"Ilikuwa inafanya," Mukai alisema.

Sagal aliifunika kalamu yake na kuiweka kando. "Kesho mnatoka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Chupa yangu ya chai usiirudishe leo. Mtaihitaji njiani."